Kununua Boti ya Injini Iliyotumika Kwenye Mnada wa Ng'ambo: Mwongozo Kamili

Neno dau lina maana mbili zinazokutana katika jambo hili: ni chombo cha baharini, na ni fedha anayoiweka mtu akitumaini kupata zaidi ya alichoweka. Anayenunua boti kwenye mnada wa nchi nyingine huweka dau ili apate dau, na hasara nyingi hutokea pale anapoisahau maana ya pili. Boti inaonekana kwenye picha ikiwa imeng'arishwa, bei yake ni nusu ya ile inayoulizwa sokoni, na saa inayohesabu kufungwa kwa mnada inazidi kukimbia. Kinachosahaulika ni kwamba boti hiyo iko mbali, haijajaribiwa majini, na gharama za kuifikisha hazijui kama ilinunuliwa kwa bei nzuri au mbaya.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Unaanzia bandari ambako boti itashushwa, unarudi kwenye meli, kisha kwenye hati, kwenye chombo chenyewe, na mwisho kabisa kwenye bei utakayoitamka. Anayeanza na bei hujikuta analipia majibu ya maswali ambayo angeweza kuyauliza bure.

Hatua ya kwanza: sheria za mahali boti itakapofikia

Kabla hujafungua tangazo lolote la mnada, zungumza na wakala wa forodha wa nchi yako na mamlaka inayosajili vyombo vya majini. Waulize mambo manne na uombe majibu ya maandishi: kama kuna ukomo wa umri wa boti au injini inayoingizwa, kama injini za mizunguko miwili zinaruhusiwa, ni hati gani zitakazotakiwa ili usajili ukubaliwe, na boti itaingizwa chini ya kifungu gani cha ushuru.

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, boti za burudani na michezo ziko chini ya namba 8903, vyombo vya uvuvi chini ya 8902, na vile vya kubeba abiria au mizigo chini ya 8901. Nchi nyingi hutoza viwango tofauti kwa makundi hayo, na boti za burudani mara nyingi huchukuliwa kuwa anasa. Usijaribu kuiita boti ya starehe chombo cha uvuvi kwa sababu tu unakusudia kuvulia; afisa huangalia jinsi ilivyoundwa, na tamko la uongo huleta faini au kutaifishwa. Kumbuka pia kwamba trela linaweza kutozwa ushuru peke yake, chini ya namba 8716. Injini ya nje iliyofunguliwa na kusafirishwa kama kifurushi mbali na boti nayo inaweza kutozwa peke yake, chini ya namba yake.

Hatua ya pili: vipimo, kwa sababu meli haibebi ndoto

Urefu ndio unaotangazwa, lakini upana ndio unaoamua nauli. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa takriban mita 2.34, na kimo chake ni karibu mita 2.28, au mita 2.58 kwa kontena refu la kwenda juu. Urefu wa ndani ni takriban mita 5.9 kwa kontena la futi 20 na mita 12 kwa lile la futi 40. Sasa linganisha na desturi ya Marekani, ambako boti nyingi za kuvutwa na gari hujengwa hadi upana wa futi 8 na inchi 6, yaani mita 2.59, kwa kuwa huo ndio upana unaoruhusiwa barabarani bila kibali maalumu. Boti iliyobuniwa vizuri kabisa kwa barabara za huko inaushinda mlango wa kontena kwa sentimita 25. Wasafirishaji wengine huilaza boti kwa ubavu juu ya fremu ili ipite, lakini kazi hiyo inahitaji mafundi waliokwisha kuifanya, fremu ya kupimiwa, na boti yenye bodi imara.

Isipoingia kwenye kontena, zipo njia nyingine tatu. Ya kwanza ni meli ya magari, ambamo boti huvutwa ndani ikiwa juu ya trela lake. Ni rahisi kwa boti za wastani, ila trela lazima liwe na matairi na beringi zinazozunguka. Ya pili ni kontena bapa lisilo na kuta wala paa, ambalo mzigo ukizidi kingo zake hulipia pia nafasi za jirani zinazopotea. Ya tatu ni kupakiwa kwenye sitaha ya meli ya mizigo mchanganyiko, boti ikiwa juu ya kitanda chake, yaani fremu inayoikalisha wima. Omba bei ya njia zote zinazowezekana kabla ya mnada, ukitaja urefu, upana, kimo kuanzia mkuku, yaani uti wa chini ya boti, hadi ncha ya juu kabisa isiyoweza kufunguliwa, na uzito. Mnada ukitoa urefu peke yake, usikisie upana kwa kuangalia picha. Tafuta vipimo vya kiwanda vya modeli hiyo, kisha mwombe mtu aliye uwanjani apime kwa utepe.

Hatua ya tatu: ni mnada wa namna gani?

Kila mnada una sababu yake ya kuuza, na sababu hiyo hukueleza mengi kuliko maelezo ya tangazo. Kampuni za bima huuza boti zilizolipiwa fidia, yaani zilizogongwa, zilizoungua au zilizozama. Nchini Marekani nyingi hupitia kampuni za mnada za Copart na IAA. Benki huuza boti ambazo wamiliki walishindwa kulipia mikopo, na hizo mara nyingi ni nzima, ila mmiliki aliyekwama kulipa deni kwa kawaida alikwisha kuacha kulipia matengenezo. Idara za serikali huuza vyombo vya doria na vya kazi, kwa mfano kupitia GSA Auctions ya serikali kuu ya Marekani. Vyombo hivyo vina saa nyingi za injini, lakini mara nyingi vimehudumiwa kwa ratiba. Japani ina minada inayofungwa kwa wanachama, hivyo mnunuzi wa nje huingia kupitia wakala msafirishaji mwenye uanachama. Ipo pia minada ya mahakama, nayo nitairejea kwenye hati.

Soma masharti ya mnada yote, hata kama ni kurasa 20. Karibu yote yatasema kwamba chombo kinauzwa kama kilivyo na mahali kilipo. Maana yake ni kwamba kasoro ni zako, na gharama ya kukiondoa hapo ni yako pia. Tafuta mambo haya: asilimia anayotozwa mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, siku za kulipa, siku za kuhifadhiwa bure na tozo ya kila siku baada ya hapo, kama mgeni anaruhusiwa kuweka dau moja kwa moja au lazima apitie dalali mwenye leseni, na kama ukaguzi kabla ya mnada unaruhusiwa. Mnada unaokataza ukaguzi na picha zake ni chache unauza mbuzi kwenye gunia. Huo mimi ningeuacha upite, hata bei iwe ya kutupa.

Hatua ya nne: hati na madeni yanayoifuata boti

Gari lililouzwa huacha madeni mengi nyuma. Chombo cha majini ni tofauti. Katika sheria za bahari za nchi nyingi, mishahara ya mabaharia isiyolipwa, gharama za uokoaji na fidia za migongano hukishika chombo chenyewe, nazo hukifuata hata baada ya kubadili mmiliki. Unaweza kununua kwa nia njema, ukalipa kila senti, kisha boti ikazuiliwa kwa deni la mtu usiyemjua. Uuzaji unaofanywa kwa amri ya mahakama ya bahari ndio kwa kawaida huyakata madeni hayo, na ndiyo sababu minada ya mahakama ina thamani yake ingawa haina mbwembwe.

Kwa mnada wowote mwingine, fuatilia historia ya umiliki kwenye daftari la nchi inakotoka. Nchini Marekani, chombo chenye tani halisi 5 au zaidi kinaweza kusajiliwa na Walinzi wa Pwani, na muhtasari wa umiliki unaotolewa na ofisi yao ya usajili huonyesha rehani zilizoandikishwa. Boti ndogo zaidi huandikishwa na majimbo, ambayo yana taratibu zinazotofautiana. Nchini Uingereza, jihadhari na cheti cha Sehemu ya Tatu ya daftari la meli: ni rahisi kukipata, hakithibitishi umiliki na hakionyeshi rehani. Usajili wa Sehemu ya Kwanza ndio unaohusu umiliki. Japani, boti za chini ya tani 20 husajiliwa na shirika la ukaguzi wa vyombo vidogo, JCI, na msafirishaji wako anapaswa kukupatia uthibitisho kwamba usajili umefutwa. Bila uthibitisho wa kufutwa, mamlaka nyingi hazitakubali kuisajili boti upya, kwa sababu chombo kimoja hakiwezi kuwa na bendera mbili.

Kisha linganisha namba. Boti zilizojengwa kwa soko la Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zina namba ya utambulisho wa bodi, ijulikanayo kama HIN, yenye herufi na tarakimu 12, iliyochongwa upande wa kulia wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti. Herufi tatu za mwanzo ni za mtengenezaji, tano zinazofuata ni namba ya boti, na katika mtindo uliotumika tangu 1984 nne za mwisho hueleza mwezi na mwaka wa kutengenezwa pamoja na mwaka wa modeli. Kwa mfano, mwisho wa D404 unasomeka hivi: D ni mwezi wa nne, 4 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na 04 ni modeli ya 2004. Tangu 1984 pia namba hiyo hurudiwa mahali pa siri ndani ya boti. Omba picha ya wazi ya namba ya nje na ilingane na hati herufi kwa herufi. Rangi mpya au mikwaruzo kuizunguka namba hiyo inatosha kuahirisha ununuzi.

Kwa boti za Ulaya, tazama kibao cha mtengenezaji. Alama ya CE imekuwa ya lazima tangu katikati ya 1998, na kibao hutaja idadi ya watu, mzigo wa juu na daraja la ubunifu. Daraja C ni la upepo usiozidi nguvu ya 6 kwa kipimo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 2. Daraja D ni la maji yaliyokingwa, upepo hadi nguvu ya 4. Boti ya daraja D ni nzuri ziwani panapotulia, lakini haikukusudiwa kuvuka mkondo wa bahari, na hakuna punguzo la bei linalobadili hilo.

Hatua ya tano: ukaguzi

Hapa ndipo fedha kidogo huokoa fedha nyingi. Ajiri mkaguzi wa vyombo vya majini aliye karibu na uwanja wa mnada, anayelipwa na wewe na asiyefahamiana na muuzaji. Marekani kuna wanachama wa vyama vya wakaguzi vya SAMS na NAMS; Uingereza kuna wa IIMS na YDSA. Mkataze kukupa maneno ya jumla kama "hali nzuri kwa umri wake". Mwombe picha, vipimo na namba.

Tezi ndiyo sehemu ya kwanza. Katika boti nyingi za faiba, ubao wa tezi unaobeba injini ya nje umetengenezwa kwa plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, plaiwudi huoza ndani huku nje pakionekana safi. Mkaguzi hugonga kwa nyundo ya plastiki: mlio mkavu na mkali ni dalili njema, mlio mzito wa kufa ni dalili ya unyevu. Njia nyingine ni kushika mguu wa injini iliyoinuliwa, yaani sehemu yake ya chini inayobeba rafadha (panga la kusukuma boti), na kuutikisa juu na chini huku mtu mwingine akitazama kama tezi inacheza. Kukarabati tezi iliyooza kunaweza kugharimu kuliko boti ndogo yenyewe.

Baada ya tezi, mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoipa bodi nguvu, na sakafu. Sakafu inayobonyea chini ya kisigino ina plaiwudi iliyolainika. Boti nyingi zimejazwa povu chini ya sakafu ili zisizame, na povu hilo likinywa maji halikauki kirahisi. Kipo kipimo ambacho wanunuzi wachache hukitumia: boti ikiwa juu ya trela, ipimwe kwenye mizani ya magari, utoe uzito wa trela, injini na mafuta, kisha ulinganishe na uzito wa kiwanda. Kilo mia kadhaa zisizo na maelezo kwa kawaida ni maji.

Sehemu ya chini ya bodi itazamwe kama ina malengelenge. Malengelenge madogo machache ni jambo la kawaida kwa boti iliyokaa majini miaka mingi, na hayaizamishi; mengi yanayotoa majimaji ya harufu kali yakitobolewa yana maana kwamba faiba imenyonya maji na itahitaji kukwanguliwa, kukaushwa kwa muda mrefu na kupakwa upya. Nyufa zenye umbo la buibui kwenye pembe ni za kawaida, lakini nyufa ndefu zinazofuata mkuku au taruma zinaeleza kwamba boti ilipata pigo.

Injini inastahili nusu ya muda wote wa mkaguzi. Apime mgandamizo wa kila silinda: tofauti ndogo si kitu, lakini silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 inahitaji maelezo. Oili ya mguu ichunguzwe; ikiwa na rangi ya maziwa, sili zimepitisha maji. Rafadha izungushwe kwa mkono kuona kama mhimili umepinda. Injini nyingi za nje za kisasa, kama za Yamaha na Mercury, huhifadhi kwenye kompyuta yake saa za kazi na hitilafu zilizotokea, na fundi mwenye kifaa anaweza kuzisoma kwa dakika chache. Taarifa hiyo ni ya kuaminika kuliko mita ya saa kwenye dashibodi, ambayo hubadilishwa kwa bisibisi. Usishangilie saa chache kupita kiasi. Boti ya miaka 20 yenye saa 90 ilisimama zaidi ya ilivyotembea, na kusimama huharibu sili, mabomba ya mafuta na kabureta bila kelele yoyote.

Kwa injini za petroli zilizo ndani ya boti na kupozwa kwa maji ya chumvi, uliza mabomba ya moshi yalibadilishwa lini, kwa sababu huliwa na kutu kutoka ndani na hatimaye kumwaga maji kwenye silinda. Kama injini iko ndani na mguu uko nje, angalia mipira inayoziba pale mguu unapotokea. Ikipasuka, boti huzama ikiwa imefungwa gatini.

La mwisho ni boti za mafuriko na vimbunga. Baada ya tufani kubwa, kama Sandy ya 2012 au Ian ya 2022, boti nyingi huingia kwenye minada kwa pamoja. Tafuta mstari wa matope ndani ya makabati, kutu kwenye skrubu za viti, na rangi ya kijani kwenye nyaya za shaba. Injini iliyozama kwenye maji ya chumvi na isiyosafishwa siku hiyo hiyo ihesabu kuwa chuma chakavu, na ununue bodi peke yake kwa bei ya bodi.

Hatua ya sita: hesabu inayoanzia mfukoni

Andika kiasi chote unachoweza kutumia hadi boti iingie majini, kisha urudi nyuma. Namba zifuatazo ni za mfano, za sarafu yoyote. Tuseme una 27,200. Toa gharama zisizotozwa ushuru: ukaguzi 400, wakala na bandari 1,000, matengenezo ya kuanzia 2,000. Zinabaki 23,800. Ikiwa ushuru na kodi kwa jumla ni asilimia 30 ya thamani ya boti ikifika bandarini, gawanya kwa 1.30; unapata takriban 18,300. Toa usafiri wa barabarani 1,500, kitanda na maandalizi 800, nauli ya meli 4,500 na bima 300. Zinabaki 11,200. Ikiwa mnada unatoza asilimia 12 juu ya nyundo, gawanya kwa 1.12. Jibu ni 10,000.

Kwa hiyo mwenye 27,200 hapaswi kuvuka 10,000 mnadani, ambayo ni zaidi kidogo ya theluthi ya fedha zake. Angalia pia kwamba nauli na wakala havipungui boti inapokuwa ya bei ndogo. Ndiyo maana boti ya bei rahisi sana huwa ghali kwa uwiano. Mahali pengine forodha haikubali bei ya mnada na hutumia thamani ya soko, basi uliza kabla, kwa kuwa hesabu yote hubadilika.

Hatua ya saba: siku ya mnada

Hapa pana maneno machache. Jisajili mapema, weka amana inayotakiwa, na kama mfumo unaruhusu dau la juu la siri, liweke na uondoke mbele ya skrini. Chunguza tofauti ya majira ya saa. Kama muuzaji ameweka bei ya chini isiyotajwa na dau lako halikuifikia, unaweza kupigiwa simu baada ya mnada ili mpatane; ukomo wako hauongezeki kwa sababu umepigiwa simu.

Hatua ya nane: malipo

Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina la kampuni ya mnada. Barua pepe inayosema kwamba akaunti imebadilika ichukuliwe kuwa ya wezi hadi uthibitishe kwa kupiga simu, kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya barua hiyo. Elekeza benki kwamba gharama zote za kutuma zitalipwa na wewe. Vinginevyo benki za kati hukata kidogo njiani, malipo hufika yakiwa pungufu, na uwanja hauiachii boti huku tozo ya hifadhi ikipanda. Angalia pia kiwango cha kubadili fedha, maana benki huficha faida yake humo.

Hatua ya tisa: kuiandaa boti kwa safari

Mafuta yatolewe, betri zitenganishwe na kufungwa, na fataki za dharura ziondolewe kabisa, kwa kuwa ni bidhaa za hatari na zikigunduliwa mzigo wote husimamishwa. Maji yote ya injini na matangi yamwagwe, na kizibo cha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti maji yanakokusanyika, kiachwe wazi ili mvua isijae ndani. Vitu vinavyong'oka, kama redio, kifaa cha ramani na rafadha ya akiba, vifungiwe ndani na kuorodheshwa. Meli za magari mara nyingi hazikubali dhima ya vitu vilivyo huru.

Kitanda cha mbao kinahitaji uangalifu wa pekee. Chini ya kanuni ya ISPM 15, mbao za kufungashia katika biashara ya kimataifa lazima ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 lililofika kiini cha mbao kwa dakika 30, na zipigwe muhuri. Kitanda kisicho na muhuri kinaweza kurudishwa au kuteketezwa, na boti iko juu yake. Sehemu ya chini ya boti nayo isafishwe viumbe vya baharini. Australia na New Zealand ni wakali hasa katika jambo hili.

Piga picha za kila upande siku boti inapokabidhiwa kwa msafirishaji.

Hatua ya kumi: bima

Bima ya shehena hutolewa kwa ngazi, na masharti A ndiyo mapana kuliko B na C. Kwa boti iliyotumika, kampuni nyingi hutoa masharti membamba au huondoa mikwaruzo na hitilafu za umeme, kwa hiyo soma yaliyoondolewa kabla ya yaliyoongezwa. Desturi ni kukatia asilimia 110 ya thamani pamoja na nauli. Mweleze mwenye bima kama boti itasafiri juu ya sitaha, kwa sababu mzigo wa sitahani uliotajwa hivyo kwenye hati ya shehena hauna ulinzi wa kanuni za Hague-Visby, zile za kimataifa za dhima ya mbeba mizigo baharini, dhidi ya mwenye meli.

Anayedhani kwamba bima ni ya kuzama tu akumbuke meli ya makontena ya Ever Given iliyokwama kwenye mfereji wa Suez mwezi Machi 2021. Mwenye meli alitangaza mchango wa pamoja wa hasara, yaani wote wenye mali melini hugawana gharama za kuiokoa, na wenye mizigo walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa mali ambayo haikuwa na hata mkwaruzo. Waliokuwa na bima waliziachia kampuni zao za bima jukumu hilo.

Hatua ya kumi na moja: kupokea

Hati ya shehena itaje HIN na namba ya injini, na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye hati za forodha. Mpe wakala nakala siku nyingi kabla ya meli kufika, maana siku za bure bandarini ni chache. Boti ikishushwa, itazame kabla ya kusaini, ukiwa na picha za siku ya kuondoka mkononi. Uharibifu unaoonekana uandikwe kwenye karatasi ya kupokelea papo hapo. Uliojificha, chini ya kanuni za Hague-Visby, unapaswa kutaarifiwa kwa maandishi ndani ya siku tatu, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja.

Hatua ya kumi na mbili: kabla ya maji

Badilisha oili zote, vichujio, mabomba ya mafuta na impela ya pampu ya maji, hata kama muuzaji alisema ni mpya. Zinki, yaani vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya sehemu za injini, zikiisha zibadilishwe kwa metali inayofaa maji yako: zinki au alumini kwa maji ya chumvi, magnesi kwa maji baridi. Jenereta, chaja au jokofu lililotengenezwa kwa umeme wa Japani wa volti 100, au wa Marekani wa 120, lisiunganishwe na umeme wa 230.

Vifaa vya usalama navyo vina uraia. Kama boti ina kiashiria cha dharura cha megahezi 406, ndani yake kuna namba ya nchi ya zamani, na kikiwashwa, waokoaji watamtafuta mmiliki wa zamani. Kipangwe na kuandikishwa upya. Namba ya MMSI, inayokitambulisha chombo kwenye redio, ibadilishwe vilevile, na redio ya Marekani iwekwe kwenye mpangilio wa kimataifa wa chaneli. Kifaa cha ramani huenda kina ramani za pwani ya huko tu. Na kama boti imetoka Japani au bara la Amerika, nahodha aliyekuja nayo kwa mazoea yake asisahau kwamba huko maboya mekundu hukaa upande wa kulia mtu anapoingia bandarini, wakati sehemu kubwa ya dunia iliyobaki hukaa kushoto.

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na ufuo, hali ya hewa ikiwa shwari, na chombo kingine kiwe tayari kuvuta. Simama baada ya dakika 10, fungua kifuniko cha ngama na utazame maji. Simama tena baada ya saa moja na ukaze bolti za tezi, ambazo hulegea boti inapotikisika kwa mara ya kwanza baada ya miezi ya kukaa juu ya trela. Baada ya saa 10 za kazi, toa oili ya mguu kidogo kwenye kikombe cheupe na uangalie rangi yake upya.